Lumumba, 30 Juni 1960

Siku ya uhuru wa Kongo kule Léopoldville, Mfalme Baudouin alimsifu Leopold wa Pili. Lumumba, Waziri Mkuu, hata kwenye programu ya hotuba hakuwemo. Akasimama tu, akasema. Akataja vipigo, ardhi iliyonyang'anywa, na vile Mwafrika aliambiwa "tu" kama mtoto, sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya Wazungu. Wabelgiji walikasirika sana.

Septemba akafukuzwa serikalini. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga, akiwa na miaka 35. Si hotuba peke yake iliyomuua, madini pia yalikuwemo. Lakini tangu siku ile maadui walimjua ni mtu wa namna gani.

Sisi tunaoitwa kwa namba ya kadi tunamwelewa: kuitwa vizuri si jambo dogo.