Kinanda cha ndani ya kompyuta: ni kinanda au picha ya kinanda?

Najua nimeadimika, mitihani si mchezo. Leo sina habari za mkopo wala za wali wa kantini, nina historia. Chanzo ni ubishi wa bwenini: jamaa mmoja wa chumba cha jirani ameshikilia kwamba sauti ya kinanda inayotoka kwenye laptopu ni "feki", na kwamba programu hizo ndizo zilizoiua taarabu. Hoja yake inastahili jibu refu kuliko lile nililompa pale koridoni. Basi kaeni kitako.

Tuanze na neno lenyewe. Kinanda zamani kilikuwa chombo cha nyuzi, kile ambacho wengine wanakiita gambusi au kibangala, na huku pwani muziki wake ulikuwepo kabla taarabu ya Kimisri haijashika Unguja. Zilipokuja santuri, mashine ya kuzipigia nayo ikaitwa kinanda, kinanda cha santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, watu walimsikia kwenye kinanda cha namna hiyo. Harmoniamu ya Kihindi, kinanda. Ogani ya kanisani, kinanda. Yamaha ya plastiki yenye vitaa, kinanda vilevile. Waswahili hatukuwahi kukaa baraza kuuliza kipi ni cha kweli. Chombo kikikaa mahali pa kile cha mwanzo na kikatoa sauti ya kueleweka, kimerithi jina na mirathi imekwisha.

Sasa kwa wale wasiojua, kile kinachoitwa sinthesaiza ya analogi ni nini? Ni kinanda kisicho na nyuzi wala ulimi wala hewa. Sauti yake ni umeme wenyewe unaopanda na kushuka ndani ya saketi. Robert Moog wa Marekani alitoa mfano wake wa kwanza mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaja Minimoog, ile ya kubebeka. Kazi inaanzia kwenye osileta, ambayo inatoa wimbi. Wimbi la meno ya msumeno ni kali, linachoma. Ukilisikia tupu bila kufanyiwa kitu utadhani mtu anajaribu zumari, na sie tuliokulia Makangale zumari tunaijua, haikuachii ulale. Halafu linapita kwenye filta. Hapa mfano mzuri ni kifumbu cha tui: nazi imekunwa yote imo, wewe unaamua unakamua kiasi gani na nini kibaki ndani. Moog alijenga filta yake kwa transista zilizopangwa jozi jozi kama ngazi, akapata hataza mwaka 1969, na ule unene wa sauti unaosifiwa hadi leo unatoka kwenye ngazi ile. Mwisho kuna saketi inayosema sauti iingie ghafla au polepole, ikae muda gani, izimike vipi.

Wajapani nao wakaingia. Mwaka 1980 Roland walitoa TR-808, mashine ya ngoma, na mwaka 1981 TB-303, kikopo cha fedha kilichokusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa anapofanya mazoezi. Sikilizeni hili vizuri, maana ndilo linalomjibu jirani yangu: zote mbili zilikuwa za kuiga, na zote mbili ziliiga vibaya. Ngoma ya 808 haifanani na ngoma, na besi ya 303 haifanani na besi ya mtu yeyote aliyezaliwa na mama. Soko likazikataa. 808 ilikwisha kutengenezwa 1983, zikiwa zimetoka kama 12,000 hivi, na 303 ikafuata 1984. Zikauzwa mitumba kwa bei ya kutupa, vijana weusi wa Marekani wasio na hela wakazinunua, na humo ndimo zilimopikwa hip hop ya mwanzo na muziki wa klabu za Chicago na Detroit. Mdundo wa 808 leo umo kwenye nyimbo za Bongo Fleva ambazo hata mama zetu wanaziimba jikoni. Kile kilichoitwa kasoro kimekuwa ndicho chenyewe.

Mwaka 1983 Yamaha wakaleta DX7 ya kidijitali, haina haja ya filta ya umeme, inafanya hesabu tu. Mwaka huohuo kampuni zilizokuwa zikishindana zikakubaliana juu ya MIDI, lugha moja ya vinanda kuzungumza wao kwa wao na na kompyuta. Kazi hiyo iliongozwa na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Analogi zikaonekana takataka. Kumbe zikawa zinapanda thamani kimyakimya.

Programu zikafuata. Steinberg wa Ujerumani walitoa mfumo wa VST mwaka 1996, na mwaka 1999 wakaupanua ili ala nzima iweze kuishi ndani ya kompyuta. Mwaka 1997 Propellerhead wa Sweden walikuwa wameshatoa ReBirth, ambayo ndani yake mlikuwa na 303 mbili na 808 kwenye skrini, zimechorwa hadi vifundo vyake. Arturia wa Ufaransa wakatoa Moog Modular V mwaka 2003, Moog mwenyewe akiwa hai na akiiunga mkono (alifariki 2005). Korg wakaiga vinanda vyao wenyewe vya zamani mwaka 2004. Na Ubelgiji mwaka 1997 kijana anaitwa Didier Dambrin alikuwa ameandika kiprogramu cha kupanga ngoma kinachoitwa FruityLoops, ambacho mapema kabisa kilipata ala iitwayo TS404 iliyofuata njia ya 303. Mwaka 2003 jina likawa FL Studio. Hiyo FL ndiyo iliyofika huku kwetu, na mnajua ilifika kwa njia gani, tusitajane.

Kuiga umeme kwa hesabu si kazi nyepesi. Kompyuta inaikata sauti vipande 44,100 kwa sekunde, na wimbi la msumeno lina sauti ndogondogo zinazopanda juu bila mwisho. Zile zinazozidi nusu ya idadi hiyo hazipotei, zinarudi chini zikiwa noti za uongo, na ndiyo maana programu za mwanzo zilikuwa na mlio wa bati kwenye noti za juu. Halafu kuna filta, ambayo kwenye saketi halisi inajisikiliza yenyewe papo hapo. Kompyuta ilikuwa inachelewa hatua moja, na hatua hiyo ilitosha kuua ladha. Programu kama Diva ya mwaka 2011 zilitatua hilo, lakini kwa gharama: laptopu yangu mie ikishika noti nne za Diva feni inalia kuliko muziki.

Kinachonichekesha zaidi ni uchakavu. Osileta za analogi zinatangatanga kulingana na joto. Wapigaji wa miaka ya 70 walizilaani jukwaani, wakawa wanaziwasha mapema zipate moto ndipo waanze kutyuni. Leo waandishi wa programu wanakaa miezi wakirudisha ule utangaji makusudi, na kuna kifundo kabisa cha kuongeza uzee. Mpiga udi yeyote wa Pemba angecheka. Udi ukiutoa kwenye kasha msimu wa masika nyuzi zote zimelegea, na hakuna aliyewahi kukuuzia unyevu kama ladha.

Haya, turudi kwenye shtaka: nani kaiua taarabu?

Ikhwani Safaa ilianza mwaka 1905, na tangu hapo taarabu haijaacha kuingiza chombo kigeni. Mombasa walichukua taishokoto, kidude cha nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, kilichobuniwa Japani miaka ya 1910, na Zuhura Swaleh akakifanya kisikike kama kilizaliwa Kibokoni. Tanga, Black Star na baadaye Lucky Star waliweka gitaa la umeme na besi miaka ya 60 na 70, na wazee wa Unguja wakanuna. Miaka ya mwanzo ya 90 ikaja East African Melody na taarabu ya kisasa, rusha roho, ambayo vinanda vya umeme vilibeba kazi ya safu nzima ya fidla. Dar es Salaam, TOT na Muungano wakirushiana mipasho.

Watu wanasema ni uvivu. Mie naona ni nauli. Hebu piga hesabu ya kulileta kundi kamili la taarabu Makangale: fidla, kanuni, udi, akodiani, dumbaki, waimbaji, waitikiaji. Boti hadi Mkoani, gari hadi Konde, halafu ukatize msitu wa Ngezi na bezi refu mgongoni. Nani mwenye harusi atakayelipa? Watu wanne na vinanda viwili wanaenea kwenye gari moja na jenereta juu. Harusi za kwetu nilizozikuta mimi ni za kinanda na spika, na nyingi hazikuwa na hata kinanda, zilikuwa na kanda. Kwa hiyo kijijini kwetu kinanda hakikumfukuza mpiga fidla. Mpiga fidla hakuwa akifika.

Ila jirani yangu ana nusu ya haki, na hapa ndipo nilipomwonea. Kinanda cha kawaida kina noti 12 kwenye oktava. Maqamu ya rasti na bayati yanataka noti zinazokaa katikati ya hizo, na mkono wa mpiga fidla au udi unazifikia bila shida. Kinanda hakizifikii. Kinakuachia hijazi, nahawandi, ajamu, basi. Mtu anayetunga akiwa ameketi mbele ya kinanda miaka 20 atatunga kile ambacho vidole vinakipata, na watoto wataosikia hicho tu watadhani rasti ni fidla iliyokosewa kutyuniwa. Hiyo ni hasara kweli, na haikuletwa na kompyuta. Ililetwa na kinanda kile kile cha plastiki ambacho leo jirani anakililia kama "halisi".

Na kompyuta, kwa maajabu, ndiyo inayoweza kuirudisha. Dexed, programu ya bure inayoiga DX7, na Surge, ambayo tangu 2018 msimbo wake uko wazi kwa wote, zinakubali kupewa mizani ya noti unayoitaka. Unaandika faili dogo la maandishi, unashusha noti ya tatu robo, na DX7 inaimba rasti. DX7 ya mwaka 1983 haikuwa na uwezo huo. Nimejaribu usiku na hedifoni, sauti inatoka ya shaba shaba hivi, si kanuni wala si udi, lakini noti imekaa pale inapotakiwa kukaa. Jamaa wa chumba cha jirani nilimpa asikilize. Alinyamaza kidogo, halafu akasema mpigaji wa kweli asingeishika noti ile imesimama vile, angeitikisa. Ni kweli. Nikamwonyesha gurudumu la kutikisia.

Tusiwasahau mchiriku. Hawa ni watoto wa Dar es Salaam waliochukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea, wakavipitisha kwenye vipaza sauti vibovu na ngoma za Kizaramo. Jagwa Music wapo tangu miaka ya mwanzo ya 90, na albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Kutoka kwenye vigodoro vya mitaa hiyohiyo madijei wakakata vipande vya vinanda vya taarabu ya kisasa, wakavikimbiza kwenye kompyuta hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ikazaliwa singeli. Studio ya Sisso iko Mburahati, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes wa Kampala wakaitoa dunia nzima. Yaani fidla ya Misri, ikaigwa na kinanda cha Japani, kikaigwa na programu ya Ubelgiji, ikachezwa Manzese. Nani hapo atasema kipi feki?

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Minimoog imeigwa na kampuni nyingi kiasi kwamba hata zote zikioza leo sauti yake haipotei. ReBirth yenyewe ilipoondolewa kwenye duka la iPad mwaka 2017 baada ya Roland kudai haki zake, 303 za programu zilikuwa zimejaa kila mahali. Lakini ule mlio wa kinanda wa rusha roho za miaka ya 90, ile "fidla" ya plastiki yenye kutetemeka mwishoni, nani anauhifadhi? Ile Casio iliyopita kwenye honi iliyopasuka? Ni sauti za kiwandani ndani ya vinanda vya bei rahisi, hakuna mkusanyaji wa Ulaya anayevitafuta, na hapa kwetu kikiharibika kinatupwa. Kanda nazo, hewa ya chumvi inazila. Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, kwa hiyo vingi vilivyopigwa vijijini kabla ya hapo vilipigwa kwa betri na jenereta, na mara nyingi kurekodiwa kwake ni mtu aliyeweka redio kaseti mbele ya spika.

Kuiga kinanda unahitaji vitu viwili: kinanda chenyewe kizima, au rekodi safi ya kila noti yake. Nimeanza na kimoja. Kilitoka Maskati, kimekaa juu ya kabati nyumbani Makangale, vibonyezo saba havilii. Likizo iliyopita nilirekodi noti 54 zinazolia, moja moja, usiku wakati jogoo na pikipiki vimelala, na saba zilizobaki nimezijaza kwa kuvuta za jirani zake. Faili lina megabaiti 90 na kidogo. Anayelitaka aje chumbani na fleshi. Na mwenye kinanda kibovu nyumbani kwao, Micheweni, Wete, Chake, popote, asikitupe kwanza, anitafute.