Mzee wako ana hofu kila siku na anasahau? Usiseme ni uzee tu

Mama yuko Kongwa, wewe uko Dodoma mjini au Dar es Salaam. Kabla ya saa nne asubuhi ameshapiga simu mara tano: Umeamka salama? Umefika kazini? Watoto wamekula? Jioni anapiga tena, na hakumbuki kwamba asubuhi mliongea. Ndugu wanasema, "Ndiyo uzee huo." Jirani naye ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Ukweli ni kwamba uzee peke yake haumfanyi mtu aishi kwa hofu kila siku, wala haumfanyi apotee njia ya nyumbani kwake. Hali hizi zina sababu za kitabibu, na baadhi zinatibika kabisa. Zikichelewa kupimwa, mzee anaumia na familia inamaliza fedha kwa waganga.

Wasiwasi wa kawaida na ugonjwa wa wasiwasi

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Mvua zikichelewa Desemba, kila mkulima wa Bahi au Chamwino anakuwa na wasiwasi, na ana haki. Mvua zikinyesha, moyo unatulia.

Mwenye ugonjwa wa wasiwasi hatulii. Mvua ikinyesha anahofia mafuriko, mtoto akifika salama anahofia safari ya kurudi. Wataalamu huanza kuuita ugonjwa pale hofu inapokuwepo siku nyingi kuliko siku za utulivu, kwa miezi sita au zaidi, mtu hawezi kuizuia, na imeanza kuharibu usingizi, chakula au kazi zake.

Kwa wazee ugonjwa huu mara nyingi unajionyesha mwilini. Mzee hasemi "nina hofu." Anasema moyo unaenda mbio, kifua kinabana, tumbo linavuruga, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Anaweza kutibiwa vidonda vya tumbo mara tatu bila mtu kumuuliza anawaza nini.

Lakini angalizo: maumivu ya kifua au kukosa pumzi ni lazima yapimwe kwanza. Usiamue mwenyewe nyumbani kwamba "ni mawazo tu."

Kwa nini hofu na kusahau huenda pamoja?

Akili iliyojaa hofu haina nafasi ya kushika mambo mapya. Unamwambia baba dawa ni mbili asubuhi, yeye anawaza mwanawe aliye safarini. Baadaye anasema hukumwambia. Hapo kumbukumbu haijafa, ila jambo halikuingia vizuri tangu mwanzo.

Inawezekana pia ikawa kinyume. Mtu anayeanza kupata dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anaweza kuona mwenyewe kwamba mambo yanamponyoka, akajawa na hofu. Ndiyo maana hofu inayoanza kwa mara ya kwanza uzeeni haitakiwi kupuuzwa.

Dimensia si ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya nusu wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea ulikuta takriban asilimia 6 wanayo.

Dalili za kukusaidia kutofautisha

Orodha hii haichukui nafasi ya daktari, lakini inakupa pa kuanzia.

Wasiwasi: mzee mwenyewe ndiye analalamika kwamba anasahau. Ukimpa muda au ukimkumbusha kidogo, anakumbuka. Siku akitulia, kumbukumbu inakuwa nzuri.

Sonona: amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, anajiona mzigo, hali vizuri, anaamka alfajiri na mawazo. Mara nyingi inakuja pamoja na wasiwasi.

Dimensia: mabadiliko yanakuja polepole kwa miezi na miaka. Familia inaona tatizo kuliko yeye. Anarudia swali lile lile, anapotea njia aliyoizoea, anashindwa kuhesabu chenji au kupika chakula alichopika maisha yake yote.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla: juzi alikuwa mzima, leo haelewi yuko wapi, anasinzia au anaona vitu visivyokuwepo. Hii ni dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kiharusi au dawa aliyokunywa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Macho mekundu si ushahidi wa uchawi

Hili linagusa sana ukanda wetu. Kongwa inajulikana kwa miaka mingi kwa tafiti za trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza na ambao usipotibiwa huleta upofu. Ongeza moshi wa kuni jikoni, na bibi anabaki na macho mekundu na uoni hafifu.

Bibi wa aina hiyo akianza kuongea peke yake, kutembea usiku au kusahau majina ya wajukuu, maneno yanaanza. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yametumika kama "ushahidi." Kwa hiyo hofu ya mzee wakati mwingine ina msingi. Muulize taratibu kama kuna mtu anamtishia. Kama yupo, peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Macho yenyewe pia yanahusika na akili. Mwaka 2024, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, na ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Kutoona bila kutibiwa kumo. Yamo pia kutosikia, presha, kisukari, uvutaji wa sigara, pombe kupita kiasi, sonona na upweke. Mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji mfupi. Usisubiri bibi apofuke kabisa.

Dawa za usingizi: hapa wengi tunakosea

Mzee halali, kijana anakimbilia duka la dawa kununua diazepamu, ambayo wengi wanaijua kama Valium. Wengine wanampa Piriton kwa sababu inaleta usingizi. Kwa mzee, dawa hizi zinaweza kuvuruga kumbukumbu, kumchanganya na kumwangusha usiku. Nyonga ikivunjika katika umri huo, maisha yanabadilika.

Kama ameshazoea diazepamu, usimkatishe ghafla. Daktari atampunguzia kidogo kidogo.

Matibabu ya wasiwasi yapo. Kuna mazungumzo na mtaalamu, ambapo mgonjwa anajifunza kuitambua hofu na kuipunguza, na kuna dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Asiziache wiki ya kwanza akidhani hazifanyi kazi.

Aanzie wapi?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba apimwe presha, sukari, damu, mkojo na malaria, pamoja na macho na masikio. Beba dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, kwenye mfuko mmoja. Andika kwenye simu: hali ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, na ni nini ameshindwa kufanya siku hizi.

Ikihitajika atapewa rufaa. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyopo tangu mwaka 1927, iko hapa hapa jijini Dodoma. Bahati mbaya jina lake limegeuzwa tusi mtaani, na wapo wanaomficha mzee ndani kwa kuogopa kusemwa. Pale ni hospitali kama nyingine. Mtu anaingia, anatibiwa, anarudi kwake.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inazungumzia matibabu bure kwa wasio na uwezo. Ulizia utaratibu kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au ofisa ustawi wa jamii, kabla hujauza mbuzi.

Nyumbani fanya haya

Usimwambie "acha woga." Mwambie "nipo, mama," kisha vuteni pumzi polepole pamoja, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Weka saa moja ya kumpigia kila siku, na uitimize. Simu ya uhakika moja inatuliza kuliko tano za kubahatisha.

Usimhamishe ghafla kutoka kijijini kwenda mjini. Mazingira mapya humchanganya zaidi mwenye kumbukumbu dhaifu.

Mwache aendelee na kwaya, swala, bao, kuku wake na bustani yake. Kumkalisha tu kwenye kiti si kumheshimu.

Na akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu shambani na vidonge vilivyo karibu naye, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni ukimpigia, usiishie kwenye "hujambo" na "marahaba." Muulize analalaje usiku, na ni nini kinamtia hofu. Halafu msikilize mpaka amalize.