Pia ya goti na watu wanaochuchumaa

Mtu wa Katumba Songwe, kule Kyela, akitaka kupuliza moto kwenye mafiga, kuketi mkekani au kwenda msalani, hana budi akunje magoti mpaka mwisho. Kwa mzee ambaye gegedu za goti zimekwisha, mambo hayo madogo ndiyo maisha yenyewe. Goti la bandia lilichelewa sana kumkumbuka mzee huyu.

La kwanza lilikuwa la pembe ya ndovu. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa mwenye kifua kikuu cha goti bawaba ya pembe. Miaka hiyo hiyo biashara ya pembe ilikuwa ikimwaga damu ng'ambo ya mto Songwe: vita vya Mlozi na kampuni ya African Lakes kule Karonga vilianza 1887, na Mlozi akanyongwa 1895. Magoti ya Gluck nayo hayakudumu, usaha uliyashinda.

Bawaba hufunga na kufungua tu, kama mlango. Goti alilotupa Mungu hukunjika, huteleza na kujizungusha kidogo, na mbele yake ile pia hupanda na kushuka katika mfereji wa mfupa wa paja, ikiuongezea msuli nguvu kama wenzo. Mafundi waliisahau pia hiyo kwa muda mrefu, na wagonjwa wakalalamikia maumivu ya mbele ya goti, hasa kwenye ngazi. Ndipo mwaka 1974, New York, John Insall na wenzake wakatoa goti ambalo pia yake huvikwa kifuniko cha plastiki chenye umbo la kuba. Hata kikigeuka hakikwami. Miaka ya 1980 wengine wakaongeza bamba la chuma nyuma ya plastiki, eti iwe imara. Plastiki ikalika, chuma kikasuguana na chuma, na magoti mengi yakapasuliwa upya. Hadi leo madaktari wanabishana: Marekani wengi huivika pia, Ulaya wengi huiacha.

Lakini goti lile la 1974 lilikunja kiasi cha nyuzi 90, yaani kiti. Toleo la 1978 likafika kama 115. Kuchuchumaa kunadai zaidi ya 120.

Upasuaji huu sasa hufanyika hata Taasisi ya Mifupa, Muhimbili. Mzee wa Katumba Songwe akifikishwa huko na wanawe, aulizwe kwanza: choo cha nyumbani ni cha shimo, au cha kukalia?