Mafunzo ya malezi yenye mwitikio mtandaoni

Mafunzo ya malezi yenye mwitikio mtandaoni ni masomo yanayomwezesha mzazi kujifunza kwa wakati wake, kupitia kompyuta au simu, jinsi ya kutambua ishara za mtoto mchanga na kuziitikia mapema, kwa upole na kwa namna inayomfaa mtoto.

Malezi yenye mwitikio ni mojawapo ya nguzo tano za malezi jumuishi zilizotajwa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Nchini Tanzania nguzo hizo zimo katika programu ya taifa ya PJT-MMMAM, iliyozinduliwa mwaka 2021.

Asili

Msingi wa mafunzo haya ni utafiti wa mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mwaka 1954 na 1955 aliwachunguza akina mama na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, kisha akaendelea mjini Baltimore, Marekani. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake huzielewa ishara zake hujenga naye uhusiano wa kumwamini.

Yanayofundishwa

Mfano unaojulikana ni PALS (Play and Learning Strategies), programu iliyoanzishwa na Susan Landry na wenzake huko Houston, Marekani. Mzazi hujifunza:
* kusoma ishara: mtoto anayegeuza uso pembeni huenda amechoka na anahitaji kupumzika, si kuchezeshwa zaidi;
* kuitikia kwa sauti ya upole, tabasamu au mguso;
* kufuata kile ambacho mtoto anakiangalia, badala ya kumvutia kwenye kitu kingine;
* kutaja majina ya vitu na matendo wakati wa kucheza, kuogesha na kulisha.

Kutoka nyumbani hadi mtandaoni

Awali PALS ilifundishwa na mkufunzi aliyetembelea familia. Njia hiyo ina gharama kubwa, na familia za mbali hazifikiwi kwa urahisi. Kwa hiyo Kathleen Baggett na wenzake walitengeneza toleo la mtandaoni. Mama hutazama video za wazazi wengine, hujibu maswali, kisha hujirekodi akicheza na mwanawe. Mkufunzi huitazama video hiyo na kuzungumza naye kwa simu.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, akina mama 40 wa kipato cha chini walipewa kompyuta na intaneti, lakini kundi moja tu lilipata masomo. Watoto wa kundi hilo walionyesha ongezeko kubwa zaidi la kushirikiana na mama zao wakati wa kucheza.

Mipaka

Washiriki wa jaribio hilo walipewa vifaa. Mzazi asiye na simu janja au fedha za kununua bando hubaki nje, ingawa huenda ndiye anayehitaji msaada zaidi. Pia, masomo pekee humwonyesha mzazi mifano ya watoto wengine. Ni mtu aliyemtazama akiwa na mwanawe anayeweza kumwonyesha ishara aliyoikosa.