Nyimbo za Senema: Kwa Nini Nyingine Hudumu na Nyingine Husahauliwa?

Somo letu la leo ni historia ya muziki wa senema. Tutaanza hapa petu Arusha, chini ya mlima Meru, kisha tutakwenda Marekani. Huko tutaona jinsi mwimbaji mmoja, mwenye sauti ile ile, alivyoweza kutoa santuri nzuri mwaka huu na santuri hafifu mwaka mwingine.

Mwishoni mwa mwaka 1960 wapiga picha za senema kutoka Marekani walifika Tanganyika, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo. Kiongozi wao alikuwa Howard Hawks, na mchezaji mkuu alikuwa John Wayne. Walipiga picha Arusha na Momella, wakikimbiza wanyama wa porini kwa motokaa. Senema ilitoka mwaka 1962, nayo ilipewa jina la Kiswahili: Hatari!

Ndani yake wamo ndovu wadogo watatu wanaomfuata bibi mmoja kwenda kuoga. Mtunzi wa muziki, Henry Mancini, aliitazama picha hiyo tena na tena mpaka akayatambua mapigo katika hatua za ndovu. Kisha akatunga muziki wa kuyafuata. Aliuita "Baby Elephant Walk", maana yake matembezi ya mtoto wa ndovu. Mwaka 1963 ulimpatia tuzo ya Grammy, na watu wengi wanaujua ingawa senema yenyewe hawajaiona.

Santuri ya Hatari! ilitolewa na kampuni ya RCA Victor. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa santuri za Elvis Presley. Kati ya mwaka 1956 na 1969, Elvis alicheza katika senema 31.

Santuri zake za kwanza za senema zilikuwa na nguvu. King Creole ya mwaka 1958 ilikuwa na muziki wa mji wa New Orleans, mahali hasa pa hadithi yenyewe. Blue Hawaii ya mwaka 1961 ilikaa juu ya orodha ya mauzo ya Marekani kwa wiki 20. Lakini ushindi huo ulileta tamaa. Ikawa senema tatu kila mwaka, na senema nyingi zilitakiwa ziwe na santuri yake.

Sasa angalieni sababu za kuharibika kwa kazi. Kwanza, muda ulikuwa mfupi. Pili, watunzi walitakiwa kutoa sehemu ya mapato yao ili Elvis aimbe nyimbo zao, na wengine walio hodari wakakataa. Tatu, wimbo ulilazimishwa kufuata hadithi, hata kama hadithi ilikuwa dhaifu. Katika senema moja ya mwaka 1963, Elvis aliimba habari za mji wa Acapulco, Mexico, na yeye mwenyewe hakwenda huko kupiga picha. Katika nyingine, ya mwaka 1967, alipewa wimbo wa watoto wadogo juu ya mkulima na mifugo yake. Mwaka huo huo, nyimbo za senema ya Clambake hazikutosha kujaza santuri, zikaongezwa nyimbo nyingine zisizokuwamo katika senema. Hizo za kuongezwa zikawa bora kuliko zenyewe!

Je, sauti ya Elvis ilikuwa imekwisha? La. Mwaka 1969 alirekodi katika mji wake wa Memphis nyimbo alizozichagua vizuri, wala hazikuwa za senema. Santuri hiyo, From Elvis in Memphis, husifiwa sana. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Santuri nyingi hafifu zilitembezwa kwa jina kubwa na picha nzuri ya jaladani, na mnunuzi akaligundua jambo hilo nyumbani, fedha zimekwisha kwenda. Basi wewe, kabla ya kutoa fedha yako, sikiliza kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mancini alifanya nini kabla ya kutunga muziki wa ndovu?
2. Taja sababu tatu zilizoharibu santuri za Elvis.
3. Je, katika kazi yako mwenyewe, haraka imewahi kuharibu kitu kizuri?