Uganda: Njia ya kuingia katika taaluma ya radiografia na ajira inayofuata

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, wazazi na wanafunzi huanza kuulizia kozi za afya zisizokuwa udaktari wala uuguzi. Radiografia ni mojawapo. Kwa walio wengi, hata hivyo, swali hilo huja likiwa limechelewa miaka miwili, kwani nafasi ya kuingia katika taaluma hii huamuliwa siku mwanafunzi anapochagua masomo ya kidato cha tano. Aliyeiacha Fizikia siku hiyo huwa amejifungia mlango, mara nyingi bila kujua.

Yafaa kwanza kutenganisha majina mawili ambayo hata katika tafsiri za habari hukanganywa. Mtaalamu wa radiografia ndiye anayempanga mgonjwa mbele ya mashine, anayekadiria kiasi cha mionzi na kupiga picha. Daktari bingwa wa radiolojia ndiye anayeisoma picha hiyo na kuandika ripoti, naye husomea udaktari kwanza, kisha shahada ya uzamili. Lipo pia tawi la tatu, la tiba ya mionzi, ambalo kazi yake ni kuelekeza mionzi kwenye uvimbe wa saratani.

Nchini Uganda, njia kuu za kuingia ni mbili. Chuo Kikuu cha Makerere hutoa shahada ya kwanza ya radiografia ya tiba kupitia Chuo chake cha Sayansi za Afya, kilichopo Mulago. Hapo hapo Mulago, taasisi ya serikali ya kada shirikishi za afya hutoa stashahada ya miaka mitatu. Nje ya vyuo vya serikali, taasisi ya ECUREI iliyoko Hospitali ya Mengo inajulikana hasa kwa mafunzo ya altrasaundi. Imechukua jina la Ernest Cook, daktari anayekumbukwa kwa kuleta mashine ya eksirei Mengo mwaka 1907. Stashahada hudai alama za chini kuliko shahada, na mwenye stashahada anaweza baadaye kuomba nafasi ya shahada. Kwa familia isiyomudu ada ya chuo kikuu, njia hiyo ndefu si ya kudharauliwa, kwa kuwa mwanafunzi huanza kupata kipato kabla ya kuendelea na masomo.

Ushindani wa nafasi za shahada katika vyuo vikuu vya umma hupimwa kwa uzito wa masomo. Alama A huhesabiwa 6, B huhesabiwa 5, na kuendelea kushuka. Kisha alama ya somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara 3, ya somo linalohusiana nayo mara 2, na ya somo linalopendelewa mara 1. Maana yake ni kwamba B katika somo la lazima huleta pointi 15, ilhali A katika somo linalopendelewa tu huleta 6. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye alama za kujivunia kwa ujumla anaweza kuachwa nyuma na mwenzake aliyefanya vyema mahali panapohesabika.

Jambo la pili hugharimu fedha nyingi zaidi likipuuzwa. Kabla ya kulipa ada, mwombaji athibitishe kwamba kozi imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na kwamba wahitimu wake husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Kada Shirikishi za Afya, AHPC. Usajili huo ndio unaomruhusu mtu kugusa mgonjwa, na leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka. Cheti kisichotambuliwa na AHPC hakimpeleki mwenye nacho popote, hata kama chumba alichofundishiwa kilikuwa na mashine mpya.

Wazazi huuliza pia iwapo mionzi itamdhuru mtoto wao. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote. Kwa kulinganisha, kila mwanadamu hupokea takriban 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Mtaalamu husimama nyuma ya ukuta wenye kinga na huvaa kifaa kidogo kinachorekodi mionzi inayomfikia. Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ndilo linalotoa leseni za mashine. Mwajiri asiyempa mfanyakazi kifaa hicho ni wa kuepukwa.

Kuhusu ajira, hospitali za taifa na za rufaa za mikoa huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Afya, na wilaya kupitia tume zao. Katika miaka ya karibuni serikali imepeleka mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na kila mashine huhitaji watu wa zamu ya mchana na ya usiku. Mishahara ya wanasayansi serikalini iliongezwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, baada ya wafanyakazi wa kada shirikishi kugoma. Lakini nafasi za serikali hutangazwa kwa vipindi, na wengi huanzia kliniki binafsi, ambako anayejua altrasaundi pamoja na eksirei hupata kazi upesi kuliko anayejua moja tu.

Tiba ya mionzi ina wataalamu wachache zaidi. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba hiyo katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyokuwapo tangu 1995, iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi hadi nyingine ilipozinduliwa Januari 2018. Tangu hapo huduma imepanuka, na tawi hilo lastahili kufikiriwa na vijana wengi kuliko wanaolifikiria sasa.

Wanaotazama ng'ambo wajue kwamba nchini Uingereza hakuna anayeruhusiwa kujiita mtaalamu wa radiografia bila kusajiliwa na baraza la HCPC. Aidha, Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kuja kusaka wafanyakazi katika nchi hizo. Mtu binafsi anaweza kutuma maombi mwenyewe. Wakala anayedai ametumwa Kampala na hospitali ya London kukusanya majina na ada aulizwe ametumwa kwa kanuni ipi.