Sifuri Ndiyo Sawa: Historia ya Namba Ambayo Hakuna Anayeisoma

Programu ikimaliza kazi kwenye Unix, au kwenye Linux iliyofuata nyayo zake, huacha namba moja. Namba hiyo haijitokezi kwenye skrini. Ukiitaka, uliza papo hapo kwa kuandika `echo $?`. Ukitanguliza amri nyingine, umeshaipoteza. Sifuri maana yake kazi imefanyika. Namba nyingine yoyote, kuna jambo.

Kwa nini sifuri, ilhali shuleni ukiipata unaificha karatasi? Kufaulu hakuhitaji maelezo. Kufeli kuna sababu nyingi, na kila sababu inahitaji namba yake. Chukua `grep`, programu ya kutafuta maneno kwenye faili. Hurudisha 0 ikilipata neno, 1 isipolipata, na 2 ikikwama, tuseme faili yenyewe haipo. "Sikuona" na "sikuweza kuangalia" si kitu kimoja.

Wazo hili halikuanzia Unix. IBM ilitangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964, na huko kila hatua ya kazi iliacha namba: 0, 4, 8, 12 au 16. Nne lilikuwa onyo tu. Kadiri namba ilivyopanda, ndivyo kosa lilivyozidi uzito. Aliyepanga kazi aliweza kuagiza mapema hatua fulani irukwe kulingana na namba hizo.

Unix yenyewe ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Baadaye waliihamishia kwenye PDP-11, kompyuta ya biti 16. Programu mtoto ikifa, mzazi alipewa neno moja la biti 16: nusu ilisema kama mtoto ameuawa, nusu nyingine ilibeba namba aliyoiacha. Nusu hiyo ni biti 8, ndiyo maana hadi leo sheli husoma 0 hadi 255 pekee. Programu ikitoka na 256, ziada hukatwa na sheli inaona 0. Kumbe kosa limegeuka kuwa sawa!

Mwaka 1979, Toleo la 7 la Unix lilikuja na sheli ya Stephen Bourne. Hapo skripti zikawa programu kamili. `if` huendesha amri na kuangalia namba yake; `&&` huendelea ikiwa ni sifuri, `||` ikiwa si sifuri. Lakini usipoagiza hivyo, sheli husonga mbele kwenye mstari unaofuata, hata kama wa kwanza umeanguka.

Mtu akiwa kwenye kibodi, hakuna shida. Ataona ujumbe wa kosa na kusimama. Kasheshe ni skripti inayojiendesha saa nane usiku:

`cd /data/zamani`
`rm -rf *`

Folda ikikosekana, `cd` inafeli, na `rm` inafuta kila kitu pale ilipo. `cd /data/zamani && rm -rf *` ingesimama.

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi:

`pg_dump wanachama | gzip > nakala.gz`

Kwa kawaida sheli huchukua namba ya programu ya mwisho pekee. Hifadhidata ikigoma, `gzip` inabana hewa tupu na kurudisha 0. Hata `set -e`, agizo la kusimamisha skripti kosa linapotokea, halitagundua. Mstari unaofuata ukifuta nakala ya jana, basi umebaki na faili yenye jina zuri na tarehe ya leo, ndani hamna rekodi hata moja. Utajua siku utakayoihitaji.

Dawa ni `set -o pipefail`, iliyoanzia kwenye sheli ya Korn, ikaingia Bash, na hatimaye ikakubaliwa katika viwango vya POSIX mwaka 2024. Hata hivyo, lazima uiandike mwenyewe. Skripti ya zamani iliyo kwenye seva yako haikuipata bure.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Programu hutoa ripoti yake kila mara. Kuisoma ni kazi iliyoachiwa mwandishi wa skripti tangu PDP-11. Kwa hivyo fungua ile skripti ya usiku, tafuta mstari unaofuta kitu, kisha angalia kama uliotangulia umeulizwa namba yake.